Anayetaka kumsoma mwenzake katika poka na aanze na dau, si macho

Kwa Mhariri,

Siku chache zilizopita msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu kwamba mcheza poka hodari humtambua mwongo kwa kumkazia macho, na kwamba kijana yeyote anayejifunza kusoma nyuso za watu anaweza kuketi mezani popote Nairobi na kuondoka na pesa za wenzake. Nimecheza poka kwa miaka kumi na minane, kwanza katika kasino za mjini na sasa nyumbani kwangu Buruburu kila Jumamosi jioni pamoja na wastaafu wenzangu, na ninaandika kwa sababu ushauri ule utamtia hasarani anayeufuata. Sikatai kwamba mwili husema. Ninachokataa ni dai kwamba husema hasa kupitia macho, kwamba husema waziwazi, na kwamba anaweza kuuelewa mtu ambaye bado hajajifunza kusoma dau la mwenzake.

Wengi wetu tulianza kusomana kupitia mchezo wa kadi, ule tuliocheza mitaani, mabwenini na katika mabasi ya safari ndefu. Huko ndiko tulikozoea kumwona mwenzetu akizipanga upya karata zake zinapobaki mbili, au akinyamaza ghafla baada ya kelele nyingi, tukajua kwamba anakaribia kumaliza. Lakini kadi ina sheria inayomlazimisha mchezaji aitangaze hali yake, na asiposema "niko kadi" kabla ya kumaliza, ushindi wake haukubaliwi. Poka haina tangazo kama hilo. Katika aina yake inayochezwa zaidi duniani, Texas Hold'em, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za pamoja hufunuliwa katikati ya meza, tatu kwa mpigo, halafu ya nne, halafu ya tano, na madau huwekwa kabla ya ufunuo wa kwanza na baada ya kila ufunuo. Anayesalia peke yake kwa sababu wenzake wametupa karata zao huzoa fungu lote, yaani pesa zote zilizowekwa katikati ya meza, bila kumwonyesha mtu yeyote alichokuwa nacho. Jozi ya ree, ambayo ndiyo mwanzo bora kuliko wote, humjia mchezaji kwa wastani mara moja tu katika migao 221. Kwa hiyo muda mwingi watu mezani wameshika karata za kawaida, na fungu huenda kwa yule aliyeaminika kuwa na karata nzuri, awe nazo au asiwe nazo. Hapo ndipo kutazamana kunapopata thamani yake, na hapo ndipo watu wanapoanza kukuza mambo.

Mwaka 2013 jarida la Psychological Science lilichapisha utafiti wa Michael Slepian na wenzake kuhusu jambo hili hasa. Walichukua vipande vya video za wachezaji wa kulipwa waliokuwa wakishindana mwaka 2009 katika World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka yanayofanyika Marekani kila mwaka, wakavikata kwa namna tofauti, kisha wakawaomba watazamaji wakisie ubora wa karata za kila mchezaji. Waliotazama uso peke yake walikisia vibaya kuliko mtu anayebahatisha, maana yake ni kwamba nyuso ziliwapotosha. Waliotazama mikono peke yake, wakati mchezaji anasukuma sarafu za mchezo kwenda katikati ya meza, walikisia vizuri kuliko kubahatisha, na kilichowasaidia kilikuwa ulaini na utulivu wa mwendo wa mikono ile. Ukilifikiria, jambo hili si la kushangaza. Kila mtu anayeketi kucheza poka anajua kwamba uso wake unatazamwa, na ameufunga kama duka siku ya maandamano. Ni wachache wanaokumbuka kufunga viganja vyao.

Nje ya poka hali haina matumaini makubwa zaidi. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi zilizohusisha waamuzi zaidi ya 24,000, wakakuta kwamba watu wanaoombwa kutenganisha ukweli na uongo kwa kutazama na kusikiliza tu hupatia kwa wastani wa asilimia 54. Anayerusha shilingi hewani hupatia asilimia 50. Mtu yeyote anayemwahidi kijana wa Nairobi kwamba kwa ada ya mafunzo ya majuma mawili atamfanya asome mawazo ya watu, na amjibu kwanza Bond na DePaulo.

Mimi nililipia somo hili kwa njia nyingine. Katika mwaka wangu wa pili wa kucheza, niliketi usiku mmoja katika kasino ambayo sitaitaja, nikiwa na jozi ya malkia. Karata za pamoja hazikuonyesha hatari yoyote kubwa. Mwanamume wa makamo aliyeketi upande wa pili wa meza alipoongeza dau lake la mwisho, vidole vyake vilikuwa vikitetemeka kiasi kwamba sarafu ziligongana zikilia. Nilijiambia kwamba huyu anaogopa, na anayeogopa hana kitu. Nilifuata dau lake kwa pesa zote nilizokuwa nazo mezani, na akafunua karata tatu zinazofanana, ambazo hushinda jozi. Baadaye niligundua kwamba kosa langu ni la kawaida sana kwa wanaoanza. Mikono inayoanza kutetemeka ghafla wakati wa kuweka dau huwa, mara nyingi, ya mtu aliyepata karata kubwa: amekuwa akijibana kwa dakika kadhaa, sasa anaona mavuno yamekaribia, na mwili unaachilia msisimko uliokuwa umefungwa. Anayetishia bila karata hufanya kinyume. Huganda. Hupumua kwa juujuu, hachezi na sarafu zake, hamalizi sentensi aliyoianza, kwa sababu anahofia kwamba lolote atakalofanya litamfichua.

Tangu usiku ule nimekuwa na daftari. Kila mara karata zinapofunuliwa mwishoni mwa raundi, ninaandika nilichokuwa nimekiona kabla ya kufunuliwa, kisha naandika kilichokuwepo. Madaftari yamekuwa manane. Nitaeleza machache ambayo yamejirudia humo mpaka nikayaamini, nikiomba msomaji akumbuke kwamba hakuna hata moja lisilokuwa na kosa.

La kwanza, na ambalo limenifaa kuliko mengine yote, ni mtazamo mfupi kwenye sarafu. Karata tatu za kwanza zinapofunuliwa, usizitazame. Zitakuwepo bado sekunde mbili baadaye. Watazame wachezaji. Aliyepata alichokuwa akikitaka huziangalia karata, kisha macho yake hushuka kwa nukta moja kwenye rundo la sarafu zake mwenyewe, kwa kuwa mawazo yameshaanza kupanga dau, halafu hutazama kando kana kwamba mchezo umemchosha. Asiyepata kitu huendelea kuzikodolea karata za mezani, akizitafuta kama mtu anayetafuta jina lake katika orodha ya matokeo. Ninakiri kwamba hapa macho yamenisaidia, lakini angalieni kilichosaidia: ni mahali yalipoelekea na muda yaliokaa pale. Hakuna uongo nilioona ndani yake.

La pili ni kurudia kutazama karata za siri. Ikiwa karata tatu za kopa zimefunuliwa mezani na mwenzako anainua upya pembe za karata zake mbili kuzihakiki, ni nadra sana awe ameshakamilisha kopa tano, yaani karata tano za alama moja, ambazo ni karata kubwa. Mtu mwenye kopa mbili mkononi huzikumbuka. Anayehakiki kwa kawaida anakumbuka kwamba zake ni za rangi mbili tofauti, nyekundu na nyeusi, na sasa anataka kujua kama ile nyekundu ni kopa au uru. Kwa hiyo huyu anasubiri kopa ya nne ifunuliwe mezani, na unaweza kuweka dau ili alipie kusubiri kwake.

Kuhusu maneno na mbwembwe, wahenga walituachia methali mbili ambazo zimesimama pande mbili za jambo moja: debe tupu haliachi kuvuma, na kimya kingi kina mshindo mkubwa. Zote mbili zinafaa mezani kwa mchezaji asiye na uzoefu, ambaye anapojaribu kuigiza huigiza kinyume cha alichonacho. Anayekuangalia kwa ukali, anayebamiza sarafu mezani, anayeinua kifua, mara nyingi anataka utupe karata zako. Anayehema kwa huzuni, anayeinua mabega na kusema "haya basi, wacha nijaribu tu", huku mkono wake ukiongeza dau, anataka umfuate, na ukimfuata utajuta. Hata hivyo mchezaji aliyekomaa anazijua methali hizi kama unavyozijua wewe, na atakupa kimya na kelele kwa kipimo anachotaka yeye. Ndiyo sababu siku hizi, ninapokaa na watu nisiowajua, mambo ya maigizo huyapita haraka na kuweka uzito kwenye yale yanayotokea bila mtu kuyafikiria.

Narudi sasa kwenye macho, kwa sababu hapa ndipo barua ya mwenzetu ilinikera zaidi. Kanuni kwamba asiyekutazama usoni anakuficha jambo ilitungwa na watu ambao kwao kukazana macho ni dalili ya uungwana. Wengi wetu tulilelewa vingine. Mtoto aliyemkodolea macho babu yake alichapwa, na msichana aliyemtazama mgeni moja kwa moja aliambiwa hana haya. Nilifundisha shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimewahi kuketi katika vikao vya nidhamu ambako mwanafunzi aliadhibiwa kwa sababu aliinamisha uso alipohojiwa, hali uso ule uliinama kwa adabu. Sasa mpeleke kijana yule yule mezani, akabiliane na mzee wa umri wa baba yake. Atatazama chini akiwa na ree mbili, atatazama chini akiwa na karata za takataka. Anayemsoma kwa kanuni za kigeni atamwona mwongo usiku kucha.

Kinachohitajika ni kumjua mtu kwanza akiwa katika hali yake ya kawaida. Je, huongea sana hata asipokuwa na karata? Hutikisa mguu daima, au ameanza kuutikisa sasa hivi? Hunywa maji kila baada ya dakika chache? Ishara yenye maana ni badiliko, na badiliko halionekani kwa mtu ambaye hujamtazama akiwa ametulia. Wakati mzuri wa kumtazama ni pale wewe mwenyewe umeshatupa karata zako na huna cha kupigania katika raundi hiyo, wakati ambao wachezaji wengi huutumia kusoma ujumbe kwenye simu. Saa moja ya kutazama bila kucheza ina faida kuliko usiku mzima wa kukazia watu macho.

Hata baada ya hayo yote, ishara ya mwili haistahili kutangulizwa. Fikiria kwamba kuna shilingi 1,000 katikati ya meza na mwenzako anaweka dau la shilingi 1,000. Ili kufuata, unalipa 1,000 kwa matumaini ya kupata 2,000, kwa hiyo unahitaji kuwa sahihi angalau mara moja kati ya tatu ili usipate hasara. Swali la kwanza ni historia ya madau yake katika raundi hii: aliongeza mapema au alifuata tu, karata iliyofunuliwa mwisho ingemfaa mtu aliyecheza hivyo au haingemfaa, na je, ana desturi ya kuweka dau kubwa namna hii akiwa na karata hafifu? Ukishajibu hayo, huenda ukafikia kwamba uwezekano wa yeye kukutishia bure ni asilimia 30. Hapo ishara ya mwili inaweza kukusukuma juu ya mpaka au kukubakisha chini yake, na ni halali kuitumia. Lakini kama madau yake yamesema kwamba uwezekano huo ni asilimia 10, hakuna pumzi iliyobanwa wala kope iliyopepesa itakayoufikisha asilimia 33, na anayefuata dau kwa sababu ya kope anatoa zawadi. Kosa langu la usiku wa malkia lilikuwa hili. Yule bwana alikuwa ameongeza dau mara tatu mfululizo, naye hakuwa mtu wa kuongeza ovyo. Nilikuwa na habari zote nilizozihitaji, nikazitupa kwa ajili ya vidole.

Upande wa pili wa jambo hili, ambao mwenzetu hakuugusa kabisa, ni kwamba wakati unawasoma wengine, wao wanakusoma wewe, na wanachokisoma kwa kweli ni sifa uliyojijengea tangu ulipoketi. Sifa hiyo ni mali. Ukitupa karata zako raundi baada ya raundi kwa saa nzima, kisha ukaongeza dau, watu watatupa zao, kwa kuwa umewafundisha kwamba huingii bila silaha. Geresha yako, yaani dau kubwa lisilo na karata nyuma yake, itapita. Lakini siku utakapopata ree mbili, watatupa vilevile, na utazoa fungu dogo. Mchezaji aliyekamatwa na geresha mara mbili yuko katika hali ya kinyume: vitisho vyake havipiti tena, ila karata zake nzuri hulipwa vizuri mno. Mwanahisabati John von Neumann, ambaye aliugusia mchezo wa poka katika maandishi yake ya mwaka 1928 na kuuchambua mwaka 1944 akiwa na mchumi Oskar Morgenstern, alionyesha kwamba geresha si mapambo ya mchezo bali ni sehemu ya lazima ya uchezaji sahihi: asiyetishia kamwe hatalipwa akiwa na karata za kweli. Kwa bei, hesabu yake ni rahisi. Ukiweka dau linalolingana na fungu, geresha inapaswa kufaulu nusu ya nyakati ili usipoteze. Ukiweka nusu ya fungu, theluthi moja inatosha. Sifa yako ndiyo inayoamua kama utapata theluthi hiyo.

Watu wengi huzungumza kuhusu sifa kana kwamba mtu anayo moja tu na wote mezani wanaiona. Sivyo. Aliyeketi dakika kumi zilizopita hajui kwamba umetulia kwa saa nzima. Anayetazama mpira kwenye televisheni hajaona ulipokamatwa. Yupo pia mchezaji ambaye huziangalia karata zake mwenyewe tu, na akiwa na jozi yoyote atakufuata mpaka mwisho hata ukiweka nyumba yako. Kumtishia huyo ni kuchoma pesa, kwa sababu geresha humtisha yule tu anayejiuliza wewe una nini. Kabla ya kutishia ninajiuliza ni kitu gani ambacho mtu huyu mmoja, aliye mbele yangu, amekiona nikikifanya. Nikikosa jibu, natupa karata.

Ipo pia sifa ambayo mtu huja nayo kabla hajagusa karata. Mimi nina mvi, natembea na mkongojo, na wageni hudhani kwamba mzee kama mimi hawezi kuweka dau bila karata. Katika kikundi chetu cha Jumamosi yupo mama mmoja, muuguzi mstaafu, ambaye wanaume wageni humwona mwoga kwa kuwa tu ni mwanamke mtaratibu anayeongea kwa sauti ya chini. Hawasahihishi. Huwaachia dhana yao kwa saa moja, kisha huanza kuzoa mafungu madogo madogo ambayo hakuna anayeyapigania, na wanapogundua kinachoendelea jioni imekwisha. Ninamheshimu kuliko mchezaji yeyote niliyewahi kukaa naye meza moja, kwa sababu hatumii uigizaji wa aina yoyote. Anajua watu wanamwona vipi, basi.

Sifa hubadilika pia kufuatana na bahati, jambo ambalo ni la uonevu lakini ni la kweli. Anayeshinda mafungu matatu mfululizo huogopwa, hata kama alishinda kwa karata zilizomjia tu. Anayepoteza matatu mfululizo huonekana kama mtu ambaye sasa anaweza kupigwa, na kila mtu atafuata dau lake. Wakati mbaya kabisa wa kutishia ni baada ya kupoteza, na ndio wakati ambao hasira humsukuma mtu kutishia. Nimewaona watu wazima, wenye madaraka makubwa kazini, wakipoteza raundi moja ya haki, uso ukabadilika, sauti ikapanda, na ndani ya nusu saa wakagawa mezani mshahara wa mwezi. Kila aliyekuwa pale aliisoma ishara ile, na haikuhitaji mafunzo.

Kuhusu kuulinda mwili wako mwenyewe, wengi hudhani dawa ni uso wa jiwe na miwani myeusi. Miwani haifuniki mikono. Kinachosaidia ni kufanya mambo yale yale kwa namna ile ile kila raundi, uwe na ree au uwe na uchafu. Zamu yako ikifika ndipo uziangalie karata zako, si kabla, ili wakati zinapogawanywa uwe ukiwatazama wenzako wakiziangalia zao. Hesabu moja mpaka tatu kabla ya kila uamuzi, hata ule ambao hauhitaji kufikiriwa. Sukuma sarafu zako kwa mkono mmoja, kwa mwendo mmoja, kisha laza viganja mahali pamoja. Usijibu swali linaloulizwa kuhusu karata zako. Ukifanya hivyo, mwili utaendelea kusema, lakini utakuwa unasema neno moja usiku wote.

Mfano ninaoupenda wa utulivu huo ni wa mwaka 2003, katika fainali ya World Series of Poker mjini Las Vegas. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyekuwa amepata nafasi yake kupitia mashindano ya intaneti, alibaki na Sammy Farha, mchezaji mzoefu, baada ya washindani 839 kupungua hadi wawili. Katika raundi moja Farha alishika malkia na tisa, mezani kukiwa na tisa ambayo ilikuwa karata kubwa kuliko zote, hivyo alikuwa na jozi nzuri. Moneymaker alishika mfalme na saba, alikuwa akisubiri shupaza ya tano au karata ya kukamilisha tano za mfululizo, na karata ya mwisho haikumpa chochote. Alisukuma sarafu zake zote. Farha alimkagua kwa muda mrefu, na hata akadokeza kwa sauti kwamba huenda mwenzake amezikosa shupaza zake. Alikuwa amepatia kabisa. Moneymaker hakujibu wala hakusogea, na Farha akatupa karata za ushindi. Moneymaker alitwaa ubingwa na dola milioni 2.5. Ninaeleza haya ili wasomaji waone kwamba hata msomaji wa watu aliyebobea, aliyesoma kwa usahihi, hakupata katika uso wa mwenzake uhakika wa kutosha kuwekea sarafu zake zote.

Lipo jambo moja ambalo siwezi kuliacha bila kulikemea. Kuficha karata zako na kuwaachia watu wakudhanie vibaya ni sehemu ya mchezo. Kujifanya unatupa karata ili mwenzako afunue zake, kuongea wakati si zamu yako ili kumchanganya, kutaja dau kwa sauti isiyosikika kisha kulikana, huo ni wizi, na sijali kwamba baadhi ya kasino huufumbia macho. Nyumbani kwangu anayefanya hivyo haalikwi tena.

Kijana wa jirani yangu aliuza runinga yake mwaka jana ili alipie mafunzo ya kusoma nyuso yaliyouzwa katika kikundi cha simu. Kisha akaenda kucheza poka kwenye simu hiyo hiyo, mahali ambapo hakuna uso wa mtu yeyote. Nilipomuuliza alikuwa anasoma nini, alinyamaza. Ningemwonyesha, kama angekuja mapema, kilichotokea Pittsburgh mwezi Januari mwaka 2017, wakati programu ya kompyuta inayoitwa Libratus, iliyotengenezwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilipocheza na wachezaji wanne wa kulipwa kwa siku 20, raundi 120,000, na kuwashinda kwa sarafu za mchezo zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 1.7. Programu ile haikuwa na jicho. Haikuona mkono uliotetemeka wala koo iliyomeza mate. Ilishughulika na kiasi cha kila dau na jinsi kinavyopaswa kujibiwa, na kwa hayo iliwashinda watu walioishi kwa mchezo huu. Kijana anayecheza kwenye simu anabaki na vitu viwili tu vya kusoma, ukubwa wa dau na muda ambao mwenzake amechukua kabla ya kuliweka, na hivyo viwili anaweza kujifunza bila kumlipa mtu.

Sisi Jumamosi tunachezea maharagwe makavu, na anayeishiwa hununua chai na mandazi ya juma linalofuata. Nakubali kwamba ishara za mwili huwa hafifu zaidi palipo na maharagwe, kwa sababu hakuna anayetetemekea maharagwe, ila muuguzi wetu husema kwamba aibu ya kununua mandazi mara tatu mfululizo inatosha kumtoa mtu jasho. Msomaji aliyeandika barua ile ninamkaribisha kwa heshima, akiwa na umri wa kisheria wa miaka 18 au zaidi. Nitampa daftari jipya na kiti cha pembeni. Kwa Jumamosi nne asicheze, aandike tu alichokiona machoni mwa kila mtu kabla ya karata kufunuliwa, na kando yake aandike madau yalivyokwenda. Mwezi ukiisha, ningependa kuyasoma matokeo yake katika ukurasa huu huu.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
Buruburu, Nairobi